Alama za fakta kwa njia ya regresheni: zinatoka wapi, na zitumike wapi

Mwanafunzi wa uzamili amekusanya madodoso 300 kwa wanafunzi wa vyuo vya Dodoma, ameyaingiza kwenye SPSS, programu ya takwimu, ameomba uchanganuzi wa fakta (mbinu ya kutafuta kitu kisichoonekana kinachounganisha majibu ya maswali) na kuweka tiki kwenye kisanduku cha kuhifadhi alama. Mwisho wa jedwali lake inatokea safu mpya, FAC1_1, yenye namba kama 0.72 au −1.31. Kuanzia hapo safu hiyo hutumiwa kama vile ni kilo au sentimita: inaingizwa kwenye regresheni nyingine, inapangwa kutoka juu hadi chini, inalinganishwa kati ya wavulana na wasichana. Lakini FAC1_1 si kipimo. Ni kadirio la kitu ambacho hakuna aliyekiona, na limekadiriwa kwa njia moja kati ya kadhaa. Kila njia ina kazi inayoifaa na kazi inayoiharibu, na makosa mengi yanayokutwa kwenye tasnifu za saikolojia huanzia hapa.

Tuchukue dodoso fupi la msongo wa mawazo lenye maswali manne, kila jibu likiwa kati ya 1 na 5. La kwanza: "Nimekuwa nikiwaza sana hadi kazi hazifanyiki." La pili: "Usingizi umekuwa hauji." La tatu: "Nimekuwa nakasirika upesi." La nne: "Kichwa kimekuwa kikiniuma." Namba zote za mfano huu zimetungwa ili msomaji aweze kuzifuata kwa kalamu na kikokotoo, si matokeo ya utafiti wowote.

Nadharia inasema jibu la kila swali lina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza inatokana na msongo wenyewe, yaani fakta. Sehemu ya pili ni ya swali hilo peke yake. Angalia swali la kichwa. Dodoma mwezi Oktoba, kabla mvua hazijaanza, jua ni kali, upepo una vumbi, na mtu aliyeshinda darasani bila kunywa maji kichwa kitamuuma hata kama moyo wake umetulia kabisa. Maumivu hayo hayana habari yoyote kuhusu msongo. Sehemu hii tuiite upekee wa swali. Nguvu ya uhusiano kati ya swali na fakta tunaiita mzigo. Kwa fakta moja na maswali yaliyosanifishwa (yaliyowekwa kwenye wastani wa 0 na utawanyiko wa 1), upekee ni 1 ukitoa mzigo uliozidishwa kwa wenyewe. Tuseme mizigo yetu ni 0.8, 0.7, 0.6 na 0.5. Upekee basi ni 0.36, 0.51, 0.64 na 0.75. Swali la kichwa lina robo tatu ya mambo yake yenyewe na robo moja tu ya msongo.

Regresheni bila kuwa na kitu cha kutabiri

Hapa ndipo wengi hukwama, na wana haki ya kukwama. Regresheni tunayoizoea inahitaji safu ya kitu kinachotabiriwa. Ukitaka kutabiri mavuno ya mtama kutokana na mvua, lazima uwe na safu ya mavuno. Sasa safu ya msongo wa kweli iko wapi? Haipo. Utatabirije kitu ambacho hukukipima?

Jibu liko ndani ya hesabu ya regresheni yenyewe. Ili kupata uzito wa kila kitabiri, regresheni haiihitaji safu ile moja kwa moja. Inahitaji vitu viwili tu: korelesheni (namba zinazoonyesha vitu viwili vinakwenda pamoja kiasi gani) za vitabiri vyenyewe kwa vyenyewe, na korelesheni za kila kitabiri na kile kinachotabiriwa. Korelesheni za maswali kwa maswali tunazo, zimetoka kwenye madodoso. Korelesheni za maswali na fakta hatukuzipima, lakini uchanganuzi wa fakta umeshazikadiria: pale penye fakta moja ni mizigo ile ile. Basi tunachukua matriki ya korelesheni za maswali, tunatafuta kinyume chake, tunazidisha na mizigo, na tunapata uzito wa kila swali. L. L. Thurstone wa Chicago aliieleza njia hii mwaka 1935, ndiyo maana programu nyingine huiita kwa jina lake.

Kwa fakta moja kuna njia ya mkato inayofika palepale kama modeli inaendana na data. Gawa mzigo wa kila swali kwa upekee wake. Kwa maswali yetu tunapata 2.22, 1.37, 0.94 na 0.67. Kisha chukua mzigo uliozidishwa kwa wenyewe, nao ugawe kwa upekee: 1.78, 0.96, 0.56 na 0.33, jumla 3.63. Ongeza 1, ipatikane 4.63. Sasa gawa zile namba nne za mwanzo kwa 4.63. Uzito wa maswali ni 0.48, 0.30, 0.20 na 0.14.

Linganisha uzito na mizigo. Swali la kwanza lina mzigo wa 0.8 na la nne 0.5, hazijaachana hata mara mbili. Kwenye uzito zimeachana zaidi ya mara tatu. Sababu ni kwamba kila swali linalipwa kwa kile linachoongeza juu ya yale mengine, na swali lenye upekee mkubwa linaongeza kidogo. Kwa hiyo mizigo isitumike kama uzito. Kuzidisha majibu kwa mizigo na kujumlisha kunaonekana ni jambo la busara, na baadhi ya madokezo ya darasani yanafundisha hivyo, lakini matokeo yake si alama za regresheni.

Sasa mwanafunzi mmoja. Amejibu 4, 4, 3 na 4. Wastani wa sampuli kwa maswali hayo ni 3.0, 3.4, 3.4 na 2.8, mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi majibu yanavyotawanyika) ni 1.0 kwa maswali yote isipokuwa la pili, ambalo lina 1.2. Majibu yake yakisanifishwa, yaani toa wastani kisha gawa kwa mkengeuko, yanakuwa 1.0, 0.5, −0.4 na 1.2. Zidisha kila moja kwa uzito wake na ujumlishe: 0.48 + 0.15 − 0.08 + 0.17. Alama yake ni 0.72.

Ukiirudia hesabu hii kwenye programu, desimali zinaweza kusogea kidogo, kwa kuwa programu nyingi hutumia korelesheni halisi za data badala ya zile zinazotokana na modeli. Tofauti ikiwa kubwa, shida si ya programu. Ni modeli isiyokaa sawa na data.

Kwa nini alama zimevutwa katikati

Gawa 3.63 kwa 4.63. Unapata 0.784. Namba hii moja ina kazi nyingi kuliko nyingine zote kwenye makala hii. Ni mraba wa korelesheni kati ya alama tulizokadiria na fakta ya kweli. Korelesheni yenyewe ni 0.89. Pia ndiyo varianzi, yaani mkengeuko sanifu uliozidishwa kwa wenyewe, ya alama hizo. Fakta yenyewe tumeipa varianzi ya 1, lakini alama zake za regresheni zina 0.784, yaani zimebanwa kuelekea sifuri.

Kubanwa huku ni kwa makusudi. Makutupora, ambako Dodoma imekuwa ikipata maji yake kwa miaka mingi, kina cha maji ya ardhini kinajulikana kwa kupitia visima, si kwa kuyaona maji yenyewe. Ukiwa na kisima kimoja chenye kasoro na kikasoma kiwango cha ajabu, hutaamini usomaji wote. Sehemu yake utaihesabu kuwa ni kasoro ya kisima. Regresheni inafanya hivyo hivyo. Ikiona majibu yaliyo mbali na wastani, inachukulia kwamba sehemu ya umbali huo ni upekee tu, na inarudisha alama ndani. Kwa mtu mmoja mmoja, kosa la wastani linakuwa dogo kuliko kwa njia nyingine yoyote ya kujumlisha maswali haya kwa uzito. Hiyo ndiyo sifa yake kuu.

Gharama ni upendeleo. Ukichukua watu wote wenye msongo wa kweli wa 1.0, wastani wa alama zao za regresheni hautakuwa 1.0. Utakuwa 0.78.

M. S. Bartlett alipendekeza njia nyingine mwaka 1937, isiyo na upendeleo huo. Kwa fakta moja tofauti ni ndogo mno kwenye karatasi: badala ya kugawa kwa 4.63, unagawa kwa 3.63. Mwanafunzi wetu anakuwa na 0.92 badala ya 0.72. Alama za Bartlett zimetawanyika zaidi ya fakta yenyewe, varianzi yake ikiwa 1 gawa kwa 0.784, yaani 1.28. Kumbuka kwamba kwa fakta moja alama hizi mbili zina korelesheni ya 1 kamili. Mpangilio wa watu haubadiliki hata kidogo. Kwa hiyo mtu anaweza kudhani hakuna haja ya kuchagua. Haja ipo, nayo inaonekana pale alama zinapopelekwa kwenye hesabu inayofuata.

Alama inakwenda kufanya kazi gani?

Tuseme ukweli ni kwamba msongo ukipanda kwa kizio kimoja, alama za mtihani zilizosanifishwa zinashuka kwa 0.50. Ukiweka alama za regresheni za msongo kama kitabiri, regresheni ya pili itakupa −0.50, sawasawa. Ukiweka za Bartlett kama kitabiri, utapata −0.39, kwa sababu utawanyiko wake wa ziada unapunguza mteremko kwa kiasi kilekile cha 0.784.

Sasa geuza. Msongo ndio matokeo, na kitabiri ni kitu kama idadi ya saa ambazo mwanafunzi anafanya kibarua kwa wiki. Hapa alama za Bartlett ndizo zinazotoa mteremko sahihi, na za regresheni zinaupunguza: 0.50 inakuwa 0.39. Anders Skrondal na Petter Laake walilionyesha jambo hili wazi mwaka 2001. Regresheni kwa fakta inayotabiri, Bartlett kwa fakta inayotabiriwa. Kama una fakta mbili au zaidi upande wa vitabiri, alama zake za regresheni zikadiriwe kwa pamoja, kwenye modeli moja, la sivyo kanuni hii inavunjika.

Tofauti ya 0.50 na 0.39 si ya kupuuzwa. Mtafiti anayesema umaskini wa kipato una athari ndogo kwa msongo kuliko ilivyo kweli amewakosea watu aliowahoji, na amefanya hivyo kwa kubonyeza kitufe kilichokuwa tayari kimebonyezwa.

Njia ya tatu kwenye menyu, ya Anderson na Rubin ya mwaka 1956, inalazimisha alama za fakta zisiwe na uhusiano kabisa na kila moja iwe na varianzi ya 1. Katika saikolojia, ambako msongo na huzuni karibu kila mara vinakwenda pamoja, ni nadra kuwa na sababu ya kulazimisha hivyo.

Januari na Julai

Mahali ambapo alama za fakta zinaharibu utafiti mzima ni kwenye vipimo vya mara mbili. Kanda ya kati ina msimu mmoja wa mvua. Mtafiti anataka kujua msongo wa wakulima wa Bahi au Chamwino unabadilikaje kati ya Januari, chakula kikiwa kimepungua ghalani, na Julai, mavuno yakiwa yameingia. Anahoji watu walewale mara mbili kwa maswali yetu manne. Anafungua faili la Januari, anafanya uchanganuzi, anahifadhi alama. Anafungua la Julai, anafanya vilevile. Analinganisha wastani: 0.00 na 0.00. Anaandika kwamba msongo haukubadilika.

Hakupima chochote. Kila uchanganuzi umesanifisha majibu kwa wastani wa faili lake, kwa hiyo wastani wa alama utakuwa sifuri Januari, sifuri Julai, na sifuri hata kama kijiji kizima kingehama. Kosa hilohilo linatokea mtu anapochanganua Dodoma na Singida kwa mafaili tofauti kisha akalinganisha mikoa.

Njia sahihi ni kugandisha mambo matatu kutoka kipimo cha kwanza: wastani wa kila swali, mkengeuko sanifu wa kila swali, na uzito. Majibu ya Julai yanasanifishwa kwa wastani na mkengeuko wa Januari, kisha yanazidishwa kwa uzito wa Januari. Tuseme msongo wa kweli umeshuka kwa 0.60. Swali la kwanza litashuka kwa 0.48 ya mkengeuko, la pili 0.42, la tatu 0.36, la nne 0.30. Zidisha kwa uzito wa regresheni na ujumlishe: −0.47. Kwa Bartlett: −0.60. Yaani hata baada ya kugandisha, regresheni bado inabana mabadiliko, na kwa kazi hii Bartlett ndiye wa kuchaguliwa.

Kuna sharti moja kabla ya yote haya: maswali yawe na mizigo ileile misimu yote miwili. Julai ni mwezi wa baridi Dodoma. Kama swali la usingizi sasa linabeba habari ya blanketi kuliko ya mawazo, mzigo wake umebadilika na ulinganisho umeshaingia dosari. Jambo hili linajaribiwa kwa kuweka modeli ya misimu miwili pamoja, si kwa kuangalia kwa macho. Tahadhari hiyohiyo inahusu lugha. Dodoso likiulizwa kwa Kiswahili Mpwapwa na kufasiriwa papo kwa papo kwa Kigogo au Kirangi kwingineko, "kuwaza sana" huenda hakubebi mzigo uleule.

Yanayoharibika kwenye kompyuta

La kwanza na la kawaida kuliko yote: SPSS ukiiacha na chaguo lake la mwanzo haifanyi uchanganuzi wa fakta. Inatoa vijenzi vikuu, yaani mijumuisho ya majibu yenyewe. Vijenzi havina upekee, havikadiriwi bali vinakokotolewa kamili, na zile njia tatu za alama zote zitakupa namba zilezile. Kipo kipimo rahisi cha kujikagua. Tafuta varianzi ya FAC1_1 uliyoihifadhi kwa njia ya regresheni. Ikiwa ni 1 kamili, umekokotoa vijenzi. Ikiwa iko chini ya 1, umepata alama za fakta, na namba hiyo ndiyo ile 0.784 yetu.

La pili ni swali lililomeza mengine. Wakati mwingine mzigo unapanda hadi 0.99, hasa maswali mawili yakiwa yanauliza kitu kimoja kwa maneno tofauti, au sampuli ikiwa ndogo. Upekee unabaki 0.02. Badilisha swali letu la kwanza liwe na mzigo huo, urudie hesabu: uzito unakuwa 0.95, 0.03, 0.02 na 0.01. Dodoso la maswali manne limekuwa la swali moja, na programu haitakuonya. Mzigo ukifika 1 au kupita, kile kinachoitwa hali ya Heywood, alama zozote zitakazotoka zisitumike. Ondoa mojawapo ya maswali pacha na uanze upya.

Fakta zikiwa zaidi ya moja na zimezungushwa (yaani mizigo imepangwa upya ili isomeke kirahisi) kwa kuruhusiwa kuhusiana, programu inachapa matriki mbili. Moja ina mizigo, nyingine ina korelesheni za maswali na fakta. Anayekokotoa uzito kwa mkono atumie ile ya korelesheni. Pia asitegemee kwamba korelesheni kati ya alama zitakuwa sawa na korelesheni kati ya fakta. Zinapinda, na ya kuripoti ni ile ya modeli.

Ishara nayo iangaliwe. Fakta haina juu wala chini ya asili, na programu inaweza kukupa alama ambazo kubwa inamaanisha utulivu. Swali lililoruka jibu humfanya mtu asipate alama kabisa, au apewe wastani wa swali kama uliomba hivyo, jambo linalomvuta kuelekea sifuri zaidi.

Je, jumla ya kawaida haitoshi?

Mara nyingi inatosha. Ukijumlisha tu majibu manne yaliyosanifishwa bila uzito wowote, korelesheni ya jumla hiyo na fakta ni 0.87. Regresheni ilitupa 0.89. Faida ni ndogo, na uzito wa regresheni una makosa ya sampuli yanayoweza kuila yote pale watu wanapokuwa 100 au 150. Kwa sampuli ndogo na mizigo inayokaribiana, jumla ni chaguo la heshima, na ni rahisi kwa mtafiti mwingine kuirudia. Uzito una thamani halisi pale mizigo inapoachana sana, sampuli ni kubwa, na mtu anajua alama zinakwenda wapi.

Louis Guttman alitoa onyo mwaka 1955 ambalo linafaa liandikwe kando ya kila safu ya alama. Kwa kuwa maswali ni machache na mambo yasiyojulikana ni mengi kuliko maswali, kuna seti zisizo na idadi za alama za fakta zinazokubaliana kikamilifu na modeli ileile. Seti mbili zilizoachana zaidi zina korelesheni ya 0.784 mara mbili ukitoa 1, yaani 0.57. Watafiti wawili waaminifu wanaweza kushika alama tofauti, zote halali, zikakubaliana kwa kiasi hicho tu. Ikiwa mraba wa korelesheni ungekuwa 0.5 au chini yake, seti hizo zingeweza kutohusiana kabisa au hata kupingana.

Kwa kundi la watu 300 hili linavumilika. Kwa mtu mmoja halivumiliki. Mwanafunzi wetu wa 0.72 ana kosa sanifu la 0.46, ambalo ni kipeuo cha pili cha 1 ukitoa 0.784. Msongo wake wa kweli, kwa uhakika wa asilimia 95, uko kati ya −0.19 na 1.63. Anaweza kuwa chini ya wastani wa wenzake, anaweza kuwa kati ya wale wenye shida kubwa. Mshauri nasaha wa chuo asipange foleni yake kwa namba hii, wala mtu asipelekwe Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, au kunyimwa huduma kwa sababu yake. Mazungumzo na mtu aliyefunzwa ndiyo yanayoamua.

Kwenye sura ya mbinu ya tasnifu, andika njia ya kutoa fakta, njia ya alama na sababu ya kuichagua, na mraba wa korelesheni. Kwenye kiambatisho weka jedwali la mistari minne: kwa kila swali, wastani, mkengeuko sanifu na uzito, kwa desimali tatu au nne. Mtafiti wa Manyoni au Kondoa atakayetumia dodoso hilohilo miaka mitano ijayo ataweza kuweka watu wake kwenye mizani yako kwa jedwali hilo. Bila hilo, itambidi aanze na sifuri yake mwenyewe.